Bashi ya Papa Anakleti Ilivyobebwa kwa Mwami

Wawindaji wanne waliibeba bashi ya duka la Papa Anakleti kwenye mti mrefu, mabegani, kutoka sokoni hadi kwa mwami, kama anavyobebwa chui aliyeuawa porini, na mimi, karani wa posti, mwenye suruali nyeupe na viatu vilivyopakwa rangi asubuhi hiyo hiyo, nilitembea nyuma yake kichwa wazi, bila kusema neno, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ya mtu aliyeua. Nyuma yangu alikuja Bwana mkubwa wa posti, nyuma yake padri, nyuma ya padri Mgiriki mwenye duka, na soko lote pembeni. Sikuua chui. Sijaua hata sungura. Nilikuwa nimefua turubai.

(Bashi, kwa wale wasiokaa huku kwetu, ni hilo turubai, la kufunika kamyo, yaani lori, ao la kuweka kivuli mbele ya duka. Mwami ni mtawala wetu wa jadi.)

Ni aibu, najua, na ningeiacha ilale, lakini nimeona heri niisimulie mwenyewe na kwa utaratibu, maana wanavyoisimulia huko Mubi sasa nimekwisha kuua chui wawili, na kwetu Kingi, milimani Masisi, mama yangu mzazi aliulizwa kisimani kama ni kweli mwanawe aliyesomeshwa na misheni anawinda kwa sabuni.

Posti yetu, yaani kituo cha serikali ya Wazungu, iko upande wa Walikale, kwenye barabara ya msituni. Ina biro, yaani ofisi, ina kambi, ina misheni juu ya kilima, na ina mstari mmoja wa nyumba za matofali zenye baraza mbele, zilizojengwa na kampuni ya kwanza iliyokuja kutafuta mawe ya thamani, ikayatafuta, ikaondoka. Nyumba zile zimeinama kidogo, kila moja upande wake, kama watu waliotoka kunywa pamoja. Kwa miaka mingi hakuna aliyezitazama. Wenye maduka walichora ukutani kila walichouza, sabuni, sigara, baiskeli, mwanamke anayecheka na cherehani, na mbele walifunga magunia, mabati, mikeka, chochote cha kuzuia jua na mvua, na mambo yalikwenda.

Kisha tukaletewa Bwana mpya. Watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu mita yake ya kukunja haikukosekana mfukoni, alipima milango, alipima daraja, siku moja nilimwona akipima kivuli cha mlingoti wa bendera na sikuthubutu kuuliza sababu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu vya zamani kwa moyo wake wote, na alipoziona nyumba zile alisimama katikati ya barabara mpaka kamyo ikampigia honi. Akatukusanya, akasema hizo ni nyumba za kwanza za matofali katika msitu huu wote, ni urithi, ni kazi ya mikono ya wazee, na wazee wanastahili heshima. Mimi nilikuwa mkalimani, basi niliyageuza maneno hayo kwa sauti nzuri. Mmoja wa wazee wenyewe alikuwa amekaa pale pale barazani, Papa Lukamba, mkubwa wa wawindaji, ambaye ujanani alibeba matofali hayo kichwani kutoka mtoni, tena si kwa kupenda. Akaniuliza polepole kama ni kweli Wazungu sasa wanataka kuzitunza. Nikamwambia ni kweli.

Akafikiri, akasema, "Basi njo maana walikuwa wanatupiga. Ili zisianguke."

Hilo sikuligeuza kwa Kifaransa.

Bwana Kipimo aliunda Komisyo ya Vibao na Bashi. Ndani yake alikuwamo yeye, padri (kwa sababu misheni ilikuwa na mnara, basi anajua majengo), na Mgiriki mwenye duka kubwa kuliko yote (kwa sababu ana duka kubwa kuliko yote). Mimi nilikuwa sekretari, yaani niliandika bila kuulizwa. Komisyo ilitoa amri zake. Kibao cha duka kiwe cheupe na herufi nyeusi, bila picha, basi mwanamke wa cherehani akapakwa chokaa huku anacheka. Bashi iwe ya rangi moja ya utulivu, ivutwe vizuri kwa kamba, isimame juu ya miti minne, kimo kimoja na ya jirani. Na kitu kikishakubaliwa na Komisyo, kisiondolewe mahali pake mpaka Komisyo ikae tena. Amri hiyo ya mwisho niliipenda mimi zaidi, nikaichapa kwa mashini mara mbili, nzuri kabisa, bila kosa.

Wenye maduka wengine hawakusumbuka sana, waliagiza turubai mpya Goma. Aliyesumbuka alikuwa Papa Anakleti. Yeye ni mtu wa kwetu Masisi, wa milima ya maharage na viazi, aliyeanza kwa kubeba samaki wakavu kutoka Bweremana mgongoni, akapata baiskeli, akapata meza sokoni, na mwishoni, baada ya kuomba miaka na miaka, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa chumba katika mstari ule wa matofali. Alipewa kwa kujaribiwa. Siku Komisyo itakapopita, kibao na bashi vikikubaliwa, chumba ni chake. Vikikataliwa, anatoka, na kila mtu alijua anayengoja mlangoni, yaani mpwa wa yule Mgiriki, kijana aliyekuwa ameshaanza kupima mahali pa kuweka kaunta yake.

Kibao hakikuwa shida, nilikiandika mimi. Bashi ndiyo iliyokuwa shida. Turubai mpya ya Goma ilimshinda bei, basi dereva mmoja wa kamyo alimwachia ile kuukuu aliyokuwa akifunikia mapipa ya mawese, nzima, imara, ya rangi ya manjano kama majani yaliyokauka, isipokuwa ilikuwa imejaa madoa ya mawese toka mwanzo hadi mwisho, makubwa kwa madogo, ya mviringo, kama mtu ameigandamizia vikombe.

Siku ya kuamkia ukaguzi tuliitandaza nyuma ya duka, tukaitazama. Mama Veronika, mke wake, alisema tuikate ile sehemu safi. Hakukuwa na sehemu safi. Papa Anakleti alisema labda aende kumwomba Bwana amwongezee muda. Hapo ndipo mimi, ndugu zangu, nilipotoa uamuzi ule mdogo. Nilisema, "Niachieni mimi. Madoa ya mafuta yanatoka kwa petroli na sabuni, nilijifunza misheni." (Ni kweli nilijifunza. Masista walisafisha hivyo kanzu za padri zilizodondokewa na mishumaa. Lakini mshumaa si mawese, na kanzu si bashi ya kamyo, na sista si mimi.)

Niliikunja mikono ya shati langu, nikasugua. Mama Veronika alimwaga maji, Papa Anakleti alishika ncha. Nilisugua kila doa katikati, kwa bidii, mpaka katikati pakawa peupe, nikaruka kwa jingine, na nilikuwa nikieleza kazi yangu huku nikiifanya, kama fundi, mpaka Mama Veronika aliponigusa bega.

"Karani, angalia vizuri. Haiondoke. Inakimbilia pembeni."

Nikaangalia. Ni kweli, mafuta hayakutoka, yalihama. Kila doa lilikuwa limefunguka katikati na kujikusanya ukingoni, jeusi jeusi, pete. Nikasema ni kwa sababu bado ina maji, ikikauka itakuwa sawa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mtu aliyesoma akiulizwa kitu mbele ya watu, mdomo wake hujibu kabla yake. Nikaendelea kusugua mpaka nikamaliza yote, maana ningeacha nusu ingekuwa mbaya zaidi, na tulipoikunja ikiwa mbichi hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona kwa mbali.

Asubuhi kulikuwa na ukungu ule wa msituni unaokaa mpaka saa za kazi. Tuliitundika ndani ya ukungu. Kwa amri ya Komisyo iliyochapwa na mimi mwenyewe, tuliivuta kwa kamba pembe zote nne, ikakaza kama ngoma, na kwa kuwa kamba moja ilikuwa ndefu, Papa Anakleti aliiacha ining'inie nyuma katikati. Nikaenda kuvaa.

Komisyo ilianza kwa nyumba ya mwisho na kurudi. Ilikuwa siku ya soko, watu wengi. Bwana Kipimo alikuwa anapima, padri anatikisa kichwa, Mgiriki anakohoa, mimi naandika. Ukungu ukaanza kupanda. Tulipofika kwa Papa Anakleti jua lilikuwa limetoka kabisa na bashi imekauka, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza nikiwa ng'ambo ya barabara. Manjano, na pete nyeusi, na pete nyeusi, na pete nyeusi, kubwa mgongoni, ndogo ndogo pembeni, imenyooshwa kwenye miti minne kama ngozi inavyonyooshwa kukauka, na mkia.

Papa Anakleti alikuwa amesimama chini yake, amevaa karavati shingoni. Naye alikuwa hajaiona kwa mbali. Alinitazama mimi, si Komisyo, akijaribu kusoma uso wangu, nami nikatazama karatasi.

Bwana Kipimo alirudi nyuma. Akafumba jicho moja. Akasema kwa Kifaransa kwamba hatimaye, hatimaye amepatikana mfanyabiashara mmoja anayeelewa mahali alipo, kwamba ile bashi ni kama jua linalopita katikati ya majani, kwamba matofali yale mekundu yalikuwa yanaingoja. Mgiriki akasema amri inataka rangi moja. Bwana Kipimo akajibu hiyo ni rangi moja, yenye mwanga. Padri alifungua mdomo, akaufunga. (Padri alikuwa amekaa msituni kuliko sisi wote. Angesema wakati ule tungeokoka. Nadhani alitaka kuona itafika wapi.) Basi nikaandika: imekubaliwa. Nikapiga muhuri. Papa Anakleti alipoona muhuri alimshika mke wake mkono mbele za watu, jambo ambalo sijamwona akilifanya tena.

Nilidhani imepita. Ilinichukua muda kidogo kusikia kwamba soko limenyamaza.

Si ukimya wa kuogopa hasa. Ni ule wa kanisani mtu anapoingia amechelewa. Wanawake waliokuwa wamekaa na mihogo yao mbele ya duka walikuwa wameinua vikapu na kusogea. Barazani hapakuwa na mtu. Mteja mmoja aliyekuwa ndani ya duka ananunua chumvi aliambiwa kitu na mwenzake kwa Kinyanga, akatoka kwa mlango wa nyuma akiacha chumvi. Na katikati ya barabara alikuwa amesimama Papa Lukamba na wawindaji wake, amevua kofia.

Hapa lazima nieleze, ingawa kwa watu wa huku si lazima. Chui ni wa mwami. Mtu akiua chui, hata awe mkristo wa kila asubuhi, hamchuni kwake, hatandazi ngozi mlangoni kwake, hamuuzi. Anambeba mpaka kwa mwami, na mwami akishamwona, ngozi ni ya mwami, ni yeye peke yake anayeikalia. Kwetu Masisi ni vilevile. Nilijua tangu nikiwa mtoto, kama ninavyojua jina langu. Lakini mimi nilikuwa nasafisha mawese, nani angefikiri mambo ya chui.

Papa Lukamba aliniita, tukasimama kando. Nilianza haraka kumweleza petroli na sabuni, akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Karani, naona iko bashi. Macho yangu haijazeeka," alisema. "Kila mutu hapa anaona iko bashi. Lakini nani atakuwa wa kwanza kupita chini yake? Wewe?"

Nikatazama ile baraza. Nitasema ukweli, miguu yangu haikutaka.

"Njo vile," akasema. "Mwami hajaiona, na tayari iko juu ya mulango ya mutu wa kuuza samaki."

Hivyo nikawa kati ya Komisyo mbili. Ile ya Bwana Kipimo imekwisha kukubali bashi na haiwezi kuondolewa. Hii ya Papa Lukamba, ambayo haikuwa na muhuri wala sekretari lakini ilikuwa na soko lote, imekataa, na haiwezi kubaki. Ikibaki, Papa Anakleti ana chumba na hana mteja hata mmoja mpaka mwisho wa dunia. Ikitoka, hana chumba. Papa Anakleti mwenyewe alikuwa ametoka barabarani, akageuka, akaiona. Hakunifokea. Alikaa juu ya gunia lake la maharage, akalegeza karavati.

Bwana Kipimo akaniuliza mzee anasema nini. Ningemwambia tu, kwa maneno matatu. Badala yake nilisema mzee anaipongeza bashi, anaona inafanana na kitu chenye heshima kubwa katika desturi zao. (Si uongo, nilijiambia. Ni ufupisho.) Bwana Kipimo akang'aa uso. Akauliza ni kitu gani. Na hapo padri, aliyekuwa amenyamaza asubuhi yote, akapata sauti yake, akaeleza kila kitu vizuri sana, chui, mwami, ngozi, namna anavyobebwa, wawindaji wanne, mti mrefu, nyimbo, na muuaji nyuma kichwa wazi.

Nilingoja Bwana akasirike. Akasema, "Lakini ni jambo zuri mno," akaamuru lifanyike siku ile ile, lifanyike lote kama inavyotakiwa na desturi, na Komisyo yote ihudhurie. Bashi impitie mwami, mwami aitazame, kisha irudi mahali pake ikiwa imekubaliwa pande zote mbili. Kwa dakika moja nilimwona ni mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Hata Papa Lukamba alikubali, akasema ni sawa, ni hivyo hivyo inavyokwenda, isipokuwa jambo moja.

"Nani aliua?"

Papa Anakleti akasema haraka bashi ni ya dereva wa kamyo. Papa Lukamba akasema kamyo haikuua. Ilipotoka kwenye kamyo ilikuwa bashi yenye madoa, watu waliiona. Imekuwa chui baada ya kufika hapa. Nani aliifanya chui? Na Mama Veronika, ambaye nilikula kwake kila Jumapili, akaninyooshea kidole bila hata kufikiri.

"Ni Karani. Peke yake. Sisi tulikuwa tunashika tu."

Bashi ikafunguliwa, ikafungwa kwenye mti. Waliifunga kama anavyofungwa mnyama, miguu minne juu, na ile kamba ndefu ikaburutika chini. Kofia yangu ya biro ikachukuliwa. Tukaondoka. Nilidhani watu watakuwa na heshima, na wanaume walikuwa nayo, lakini kazi ya kumwimbia muuaji ni ya wanawake, na wale wa mihogo walikuwa wamepoteza mauzo ya asubuhi. Aliyeanzisha alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, wengine wakaitikia:

"Karani ameua chui."
"Ameua na nini?"
"Ameua na sabuni."
"Alimuvizia wapi?"
"Ndani ya beseni."

Na desturi hairuhusu muuaji kujibu, wala kugeuka, wala kuharakisha. Njia ya kwenda kwa mwami inapita mbele ya shule, na walimu waliwatoa wanafunzi waone. Inapita mbele ya dispansari. Inapita mbele ya nyumba ya katekista, ambaye wiki ile nilikuwa nimemtuma mjomba wangu akaulizie habari za binti yake, na binti alikuwa amesimama mlangoni na ungo, na alikuwa anaitikia. Anaitikia vizuri, sauti ya pili. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Kipimo akimuuliza padri maneno ya wimbo yana maana gani, na padri akijibu kwamba ni ya zamani sana.

Mwami alitoka amevaa koti na karavati, maana aliambiwa Bwana anakuja, akakaa. Wakaishusha bashi mbele yake, wakaifungua, wakainyoosha chini. Aliitazama. Aliinama akagusa pete moja kwa kidole, akanusa kidole.

"Mawese," akasema.

Papa Lukamba akasema ndiyo.

"Na petroli."

Nikasema ndiyo, ingawa hakuniuliza. Watu wakacheka kidogo, mwami hakucheka. Aliuliza ilikuwa juu ya nini, akaambiwa juu ya mlango wa Papa Anakleti. Aliuliza nani aliipeleka juu, nikasema ni amri ya Komisyo. Aliuliza na huku nani ameileta, na Papa Lukamba akamwonyesha msafara wote kwa mkono wake, wawindaji, mimi, Bwana, padri, Mgiriki, kwa mpangilio.

Mwami akasimama, akawaita wake zake, ikakunjwa, ikaingizwa ndani.

Bwana Kipimo aliniambia, polepole na kwa heshima nyingi, nimweleze mwami kwamba tunashukuru, na kwamba bashi ile ni sehemu ya nyumba, Komisyo imekwisha kuikubali, haiwezi kuondolewa mahali pake. Nikageuza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Mwami alinisikiliza, kisha akamtazama Bwana, si mimi.

"Umwambie hivi. Chui ikisha fika kwangu, hairudi. Kama iko bashi, mbona mumeibeba sawa na chui? Na kama iko chui, munaiomba ya nini?"

Niligeuza neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Bwana Kipimo alisimama na mita yake mkononi, na ninaamini alitafuta kitu cha kupima. Angeweza kuichukua kwa nguvu, askari walikuwapo. Lakini ni yeye aliyeamuru desturi ifuatwe yote, mbele ya soko, na yeye mwenyewe alikuwa ametembea nyuma ya muuaji. Akavua kofia, akashukuru, tukarudi. Kurudi hakuna nyimbo. Ingekuwa afadhali zingekuwapo.

Kesho yake Komisyo ilikaa bironi. Mgiriki alisema jambo ni wazi, duka halina bashi, mpangaji atoke. Bwana Kipimo alisema hawezi kukataa bashi aliyoikubali jana. Mgiriki akasema basi duka lina kitu kisichokuwapo. Padri akasema hilo katika dini si jambo geni. Walibishana mpaka chakula cha mchana, na mwishoni niliambiwa niandike kwamba jambo linachunguzwa. Papa Anakleti alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi, na nilipotoka aliuliza tu, "Kaka, niko ndani ao niko inje?" nami nikamwambia unachunguzwa, na tangu siku hiyo Mama Veronika hajaniandalia chakula.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba mtu akisema "niachieni mimi", asiachiwe. Sitasafisha tena kitu cha mtu, hata kitambaa cha meza. Shati langu mwenyewe nalipeleka kwa dobi na nasimama mbali. Binti wa katekista ameolewa Mubi, na mume asiye mwindaji. Na nikigeuza maneno ya watu sasa nayageuza yote, hata yale yanayouma, hasa yale.

Duka linauza. Wateja wamekuwa wengi, kwa sababu kila anayepita barabara ile anataka kuona mlango ambao chui alikaa, na wakifika hununua hata chumvi. Wanasimama juani, na mvua ikija maharage yanalowa na Papa Anakleti anayaingiza ndani gunia kwa gunia. Bwana Kipimo alihamishwa, amepelekwa mahali penye nyumba za zamani zaidi, na Bwana aliyemfuata hajaita Komisyo wala hajaivunja. Mgiriki bado anakohoa. Mwezi uliopita Papa Anakleti alipata turubai mpya kutoka Goma, ya kijani tupu, bila doa hata moja. Nilipomuuliza Bwana mpya kama inaweza kutundikwa, alisema mahali pale tayari pana bashi iliyokubaliwa. Papa Lukamba alipomuuliza mwami, mwami alisema mambo ya bashi ni ya biro. Turubai mpya iko ndani ya duka, imekunjwa, nyuma ya samaki, na mvua za mwezi huu zimeanza.